Sakafu ya Savoy ndiyo iliyostahili kibao

Mtaani Harlem, New York, upande wa Lenox Avenue, kati ya barabara ya 140 na ya 141, kuna kibao cha ukumbusho kando ya majengo ya makazi. Hapo ndipo palipokuwa ukumbi wa dansi wa Savoy, uliofunguliwa Machi 1926, ukafungwa mwaka 1958 na kubomolewa kupisha nyumba hizo. Kibao kilizinduliwa Mei 2002 na Frankie Manning na Norma Miller, wachezaji waliojengea jina lao humo humo.

Kazi yangu ni historia ya muziki wa dansi, na nikiulizwa ukumbi ule ulikuwa na nini hasa, naanza na sakafu kabla ya mwanamuziki yeyote. Ilikuwa ya mbao ngumu, ndefu karibu mtaa mzima, na iliundwa inese chini ya miguu. Ukiruka juu ya saruji, goti ndilo linalolipa. Sakafu inayonesa hupunguza kishindo hicho. Lindy Hop, mtindo wa dansi wa kasi na mirusho, ilikomaa pale. Manning mwenyewe, katikati ya miaka ya 1930, alimbeba mwenzake mgongoni akambirua hewani hadi akatua kwa miguu, tena ndani ya mdundo.

Halafu majukwaa: yalikuwa mawili, ubavu kwa ubavu. Bendi moja ikimaliza, ya pili inapokea, na wachezaji hawapoi. Mpango huo ndio uliozaa mipambano ya bendi. Tarehe 11 Mei 1937 Benny Goodman, kiongozi wa bendi na nyota wa redio wakati huo, aliingia kupambana na bendi ya ukumbi iliyoongozwa na mpiga drams Chick Webb, mtu mfupi mwenye ulemavu wa mgongo. Umati ulimpa Webb ushindi, na kwangu hukumu ya watu waliokuwa wakicheza ina uzito kuliko ya mhakiki yeyote.

Jambo la mwisho ni mlango. Cotton Club, klabu ya usiku iliyokuwa hatua chache tu kutoka pale, iliwapandisha Weusi jukwaani huku wateja wakiwa Wazungu. Savoy iliwaruhusu wote kucheza pamoja. Mwaka 1943 mamlaka za jiji ziliufunga ukumbi kwa miezi kadhaa kwa madai ya ukahaba, lakini wengi Harlem waliamini kilichowakera wakubwa ni kuona Weusi na Wazungu wameshikana mikono wakicheza.