Tuanze na kitambulisho cha mzee

Kazi yangu ni kukaa na familia za pwani ya Kenya, Kwale na Kilifi, tukijaza fomu za uraia. Watu huuliza kutengwa kunaonekanaje. Kwa mtu asiye na kitambulisho, hutokea kidogo kidogo, kila anapofika dirishani.

Mchukueni mvuvi Mpemba wa Shimoni, Kwale, yaani mwenye asili ya kisiwa cha Pemba, Zanzibar, kabla ya 2023, ambaye hata baba yake alizaliwa papa hapa. Leseni ya uvuvi inataka kitambulisho, basi anavua kwa leseni ya mwenzake na samaki wanauzwa kwa jina la mwenzake. Laini ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho cha shemeji, na akiba yake ya M-Pesa imo humo. Wakikosana, au shemeji akifa, hana pa kuidai. Mwanawe akifika miaka 18 aende kuomba kitambulisho, ataulizwa: cha baba kiko wapi?

Katiba mpya ya 2010 ilitupa matumaini, na mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Uraia na Uhamiaji. Kifungu cha 15 kilimruhusu, hadi 2019, mtu asiye na uraia kusajiliwa ikiwa ameishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963, na ikiwa anajua Kiswahili au lugha ya mahali. Sharti la lugha Mpemba alilipita bila jasho, maana Kiswahili amekinyonya kwa mama. Kilichomkwamisha ni tarehe. Siku hiyo ni ya uhuru wa Kenya. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea 12 Januari 1964, mwezi mmoja kamili baadaye. Wapemba wengi walikuwa wameshahamia huku miongo kadhaa kabla, lakini wako waliovuka bahari kwa sababu ya Mapinduzi yenyewe. Kwa maandishi ya sheria, hao walichelewa.

Na aliyewahi kuja, atathibitishaje? Jahazi halikuwa likitoa stakabadhi. Ndiyo maana ninashikilia kwamba ushahidi wa wazee upokewe kwa uzito wake: mkunga alikuwa nani, mtoto alisoma chuo cha Kurani cha nani, nani alimzika nani. Nikikaa barazani na wazee watatu, kila mmoja nikamuuliza peke yake, napata habari za ukoo zinazoshikana kuliko faili nyingi nilizowahi kusoma. Afisa anayesubiri cheti cha kuzaliwa cha mwaka 1950 anasubiri kitu ambacho hakikuandikwa.

Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, walichoka kusubiri. Oktoba 2016 walishika njia kutoka Kwale hadi Ikulu ya Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho kufikia Desemba, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Washona, waliokuja na kanisa lao kutoka Zimbabwe, wakapata ahadi yao Jamhuri Dei ya 2020. Wapemba wakafuata Julai 2023, chini ya Rais William Ruto.

Nilifurahi kila mara, na bado nafurahi. Lakini uraia unaotolewa kwa tangazo la rais huwafikia wale walio wengi, wanaokaa pamoja na wenye viongozi wa kuwasemea. Familia moja moja zenye asili ya Burundi au Rwanda, zilizotawanyika mashambani, hazina kundi la kuandamana nalo. Hizo zinahitaji ofisi iwafuate kijijini, pamoja na chifu na wazee wa mtaa, mashine ya alama za vidole ikiwa ndani ya gari. Nauli ya kwenda mjini mara tatu kwa ajili ya karatasi moja humaliza posho ya wiki.

Nikifika kwenye boma jipya, vijana hunizunguka kwanza kwa sababu wana haraka ya kazi. Nawaomba wanisubiri, nakwenda kukaa na bibi au babu. Maombi yao yote yanaegemea jina lake, na alama za vidole vyake lazima zichukuliwe angali hai.