"Mwacheni Apumzike": Maswali na Majibu Kuhusu Mazoezi na Ubongo wa Mzee

Nahudumu kwenye kliniki ya presha na sukari. Kila wiki napokea wazee walioletwa na gari hadi mlangoni, wakashikwa mkono huku na huku, wakakalishwa. Nikimsalimia mzee, mtoto ndiye anayeitikia. Nikiuliza nyumbani anafanya nini, jibu ni lile lile: "Hafanyi kitu, tunamwacha apumzike." Maswali ya watoto hao nayajibu hapa.

Kutembeza miguu kunasaidiaje kichwa?

Ubongo unategemea damu kuliko kiungo kingine. Uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Mzee akitembea kwa haraka, damu inasukumwa vizuri, na baada ya muda presha na sukari zinatulia. Hizo mbili ndizo zinazoharibu mishipa midogo ya ubongo kimya kimya, miaka na miaka, bila maumivu yoyote.

Kuna zaidi ya hapo. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoitwa hipokampasi, inayotunza kumbukumbu mpya, na uzeeni husinyaa. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wazee 120 waliofuatiliwa mwaka mzima. Kundi moja lilitembea dakika 40, mara 3 kwa wiki, na hipokampasi zao ziliongezeka kwa takriban asilimia 2. Kundi lililofanya mazoezi ya kujinyoosha, zao zilizidi kupungua. Ni kutembea tu.

Mama amelima maisha yake yote. Hajastahili kupumzika?

Heshima anastahili. Kutunzwa anastahili. Kukalishwa kutwa nzima, hapana.

Nitoe mfano wa mama mmoja aliyeletwa mjini na wanawe kwa mapenzi kabisa. Kijijini alikuwa anafagia uwanja alfajiri, anachota maji, anapanda kilima kwenda kanisani. Mjini akapewa sofa, televisheni na dada wa kazi. Akishika ufagio, ananyang'anywa: "Mama, kaa, sisi tupo." Baada ya miezi minane alikuwa hainuki kwenye kiti mpaka avutwe na watu wawili, usiku halali kwa sababu mchana amesinzia, na alikuwa anamwuliza jina mjukuu anayeishi naye. Sisemi sofa peke yake ndiyo iliyoleta yote hayo. Presha ilikuwa juu na masikio yalikuwa yameshapungua kusikia. Lakini kila nilichomwelekeza, binti yake alinijibu, "Atachoka."

Achoke! Uchovu wa kutembea unaisha akilala usiku mmoja. Misuli iliyokaa wiki kadhaa bila kazi inachukua miezi kurudi, na kwa mzee wakati mwingine hairudi yote. Tulikubaliana arudishiwe kazi zake: kuchambua mchele, kumwagilia mchicha, kwenda dukani na mjukuu asubuhi na jioni. Bado anasahau. Ila sasa anainuka mwenyewe, analala usiku, na mchicha ule anaujua ni wake.

Si kila mzee husahau?

Kutafuta miwani iliyo kichwani ni uzee. Kupotea njia ya nyumbani kwako, kuuliza jambo lile lile mara kumi kwa saa moja, kushindwa kupika ugali uliopika miaka 50, huo ni ugonjwa, na unaitwa demensia. Si uchawi, wala si ugonjwa wa wazungu. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta takriban wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wanao. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia na yanayoweza kurekebishwa. Kutofanya mazoezi ni mojawapo, pamoja na presha, sukari, kutosikia vizuri na upweke. Na mzee anayekalishwa ndani peke yake mara nyingi anayo kadhaa kwa pamoja.

Afanye kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki. Gawanya: dakika 30, siku 5. Akianza na 10 ni sawa, aongeze polepole. Kasi inayofaa ni ile anayoweza kuongea lakini hawezi kuimba. Siku 3 kwa wiki aongeze mazoezi ya nguvu na mizani: kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara 10, kusimama mguu mmoja karibu na meza imara aishike akiyumba.

Baba aliwahi kuanguka. Si bora atulie?

Hapana. Ukimtuliza, miguu inalegea, na mwenye miguu iliyolegea ndiye anayeanguka akienda chooni usiku. Mvue kandambili, mpe viatu vinavyoshika mguu, washa taa, ondoa zulia linaloteleza, kisha atembee na mtu. Magoti yakiuma, apunguze mwendo, asiache. Dawa za presha aendelee nazo. Akibanwa kifua, akiishiwa pumzi kupita kawaida au akipata kizunguzungu, asimame hapo hapo na apelekwe hospitali.

Ameshaambiwa ana demensia. Kuna faida bado?

Ipo. Kumbukumbu iliyopotea mazoezi hayairudishi, na anayekuuzia ahadi hiyo anakudanganya. Yanamsaidia kuendelea kuoga, kuvaa na kwenda chooni mwenyewe.

Ameamka anaongea maneno yasiyoeleweka, mkono mmoja hauna nguvu. Tumemlaza apumzike, tuone hadi jioni?

Hapa neno "apumzike" linaua. Mdomo ukipinda, mkono au mguu ukiishiwa nguvu, maneno yakichanganyika ghafla, hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo. Usimlaze. Usimkande na mafuta. Usimpe chai, anaweza kupaliwa. Usisubiri jioni. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na nusu ya muda huo inaweza kuishia kwenye foleni ya barabarani.

Hata kama hakuna kiungo kilicholegea, mzee aliyekuwa na akili zake jana na leo hajui alipo, mpeleke leo hii. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, nimonia, malaria au sukari iliyoshuka, na yote hayo yana tiba. Mkiwa njiani, ulizaneni ni nani aliyemwona akiwa mzima mara ya mwisho, na ilikuwa saa ngapi. Andikeni saa hiyo kwenye karatasi, kwa sababu ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa mkifika.