Kuulizwa nywila mara mbili unapobadilisha mtumiaji: dhana potofu na ukweli

Kompyuta ni moja, watumiaji ni watatu. Asha anarudi kwenye kazi yake, anaandika nywila kwenye ukurasa wa kuingia, skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde moja, kisha anakutana na kisanduku kingine kinachotaka nywila ile ile. Maelezo haya yanahusu Linux yenye eneokazi la Xfce na LightDM, programu inayosimamia ukurasa wa kuingia. Hapo tatizo hili huonekana waziwazi, na dawa yake ipo.

Dhana: nywila mbili ni ulinzi maradufu.

Si kweli. Visanduku vyote viwili vinaihakiki nywila ile ile kupitia mfumo ule ule, yaani PAM, sehemu ya Linux inayohakiki watumiaji. Anayeijua anapita kote kuwili, na asiyeijua anakwama kwenye cha kwanza. Cha pili hakimzuii mtu yeyote ambaye cha kwanza kingemruhusu.

Kinachotokea ni kwamba walinzi wawili hawasikilizani. Asha akimpisha Juma, LightDM huiambia logind, huduma inayosimamia sesheni (kipindi cha kazi cha kila mtumiaji aliyeingia), iifunge sesheni ya Asha. Asha akirudi na nywila yake ikakubaliwa, LightDM huagiza sesheni hiyo ifunguliwe, na logind hulitangaza agizo hilo. Kufuli la skrini linalosikiliza tangazo hujiondoa lenyewe. Lisilosikiliza hubaki palepale na kuuliza upya, kwa sababu halina habari kwamba mwenye kazi ameshahakikiwa mlangoni.

Mara nyingi chanzo ni makufuli mawili kuendeshwa kwa pamoja, tuseme light-locker iliyokuja na mfumo, na XScreenSaver iliyoongezwa baadaye kwa ajili ya picha zake. Ya kwanza haina kisanduku chake, hutegemea ukurasa wa LightDM. Ya pili ina cha kwake. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike:

`pgrep -af 'locker|screensaver'`

Ukiona programu mbili tofauti za kufunga skrini, umeshampata mkorofi. Nenda kwenye mipangilio, fungua "Session and Startup", kisha orodha ya programu zinazojiwasha. Ondoa alama kwenye moja, ubaki na moja. Toka kabisa kwenye akaunti na uingie upya, maana kuondoa alama hakuizimi programu ambayo tayari imeshawaka. Kila mtumiaji afanye hivyo kwenye akaunti yake, kwa sababu orodha hiyo ni ya mtu binafsi.

Ukiona kufuli ni moja tu, lenye kisanduku chake, na bado unaulizwa mara mbili, lipime kama linasikiliza:

`loginctl lock-session $XDG_SESSION_ID; sleep 15; loginctl unlock-session $XDG_SESSION_ID`

Usiguse kitu. Skrini ikijifunga, na baada ya sekunde 15 ikajifungua yenyewe, kufuli linasikiliza. Ikijifunga na kukataa kufunguka, au isipojifunga kabisa, kufuli hilo halisikii tangazo la logind. Weka jingine mahali pake: xfce4-screensaver au light-locker.

Dhana: dawa ni kuondoa makufuli yote, ukurasa wa kuingia unatosha.

Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote, na ushauri huu hutolewa kwa wepesi mno. Mtumiaji anapobadilishwa, sesheni ya kwanza haifi. Inaendelea kuishi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ikiwa na barua pepe na faili zote zilizokuwa wazi, kwenye terminali pepe yake, kwa kawaida ya 7, na ya anayefuata huwa ya 8 au zaidi. Pasipo kufuli la skrini, Juma akibonyeza Ctrl+Alt+F7 tu anajikuta ndani ya kazi ya Asha, bila kuulizwa chochote. Agizo la kufunga lilitangazwa, ila hapakuwa na wa kulitekeleza. Kwa hiyo lengo ni kubaki na kufuli moja linalosikia, kamwe si sifuri.

Kwa sababu hiyo hiyo, usizime kompyuta kabla ya kuandika `loginctl list-sessions` na kuona nani bado yumo. Kazi ambayo hajaihifadhi itapotea.

Dhana: kila kisanduku cha nywila ni kufuli la skrini.

Soma maandishi yake. Kikitaja "keyring", hiyo ni hazina ya nywila zilizohifadhiwa, kama za Wi-Fi na kivinjari. Hujitokeza sesheni mpya inapoanza, si unaporudi kwenye sesheni iliyokuwepo. Hazina hii hufunguliwa kwa nywila unayoingilia. Msimamizi akikubadilishia nywila kwa `sudo passwd asha`, hazina inabaki na ya zamani, kwani yeye hakuwa nayo ya kuifungulia. Fungua programu ya Seahorse, bofya hazina ya "Login" kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kubadilisha nywila, weka ya zamani kisha ya sasa. Kama ya zamani imesahaulika, libadilishe jina faili la `login.keyring` lililo ndani ya `~/.local/share/keyrings`, kisha toka na uingie upya. Hazina mpya itaundwa, lakini tupu.

Kuingia kwa alama ya kidole au moja kwa moja bila nywila huleta kisanduku hicho hicho, kwa kuwa hapakuandikwa nywila ya kuifungulia hazina.

Dhana: kwenye terminali, `su` na `sudo`, amri za kufanya kazi kama mtumiaji mwingine, huuliza kitu kimoja.

`su - juma` inataka nywila ya Juma. `sudo -iu juma` inataka ya kwako, na lazima uwe umeruhusiwa kutumia sudo. Kwenye Ubuntu, sudo hukukumbuka kwa dakika 15, lakini kwa terminali ile tu uliyoandikia. Ukifungua dirisha jingine na kuulizwa tena, hakuna kilichoharibika. Ukiinuka kitini kabla ya dakika hizo kwisha, andika `sudo -k` ili isikukumbuke.