Matembezi ya theluji Bow Valley: kwanza tujue juu ya njia kuna nini

Theluji ikishaanza kukaa milimani, Waswahili wenzangu wa Calgary huanza kuulizia: watoto tuwapeleke wapi wakacheze, njia gani haichoshi wazee, viatu vya theluji tunakodi wapi? Ya viatu nitayajibu huko mbele. Kwanza nieleze jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii kabisa, kwa sababu tulikokulia halipo: theluji iliyolala kwenye miteremko juu ya vichwa vyetu, na mahali itakapofikia siku itakapoachia.

Kwa wageni wa huku, Bow Valley ni bonde la mto Bow. Ukitoka Calgary kuelekea magharibi kwa barabara kuu, baada ya kama kilomita 100 unafika Canmore, kisha mji wa Banff, kisha Lake Louise. Kuta za mawe zinasimama pande zote mbili, na katikati kuna mto, reli, barabara na msitu wa misonobari. Ninaongoza matembezi ya jamii humo, majira ya joto na ya baridi. Kabla ya kuhamia Kanada niliongoza wageni Mlima Kilimanjaro, na kule hatari unayoichunga saa zote ni mwinuko: mtu anapanda haraka, kichwa kinamuuma, anatapika, unamshusha. Hapa Canmore haifiki hata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko hautusumbui. Macho niliyozoea kuyaweka kwenye uso wa mgeni, hapa nayaweka pia kwenye mlima wenyewe.

Theluji haianguki mara moja ikawa kitu kimoja. Inakuja kwa awamu, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lina tabia yake kufuatana na baridi na upepo wa siku ile. Milima hii ya Rockies, upande wetu, mara nyingi ina theluji kidogo na baridi kali mwanzoni mwa msimu. Hali hiyo hugeuza theluji ya chini kuwa punje kubwa zisizoshikana, kama sukari. Ukiichota kwa mkono haifinyangiki, inamwagika tu. Baadaye zinakuja dhoruba na kulaza tabaka zito na gumu juu ya punje hizo. Kwa macho mlima unapendeza, mweupe na laini. Kumbe mzigo wote umekaa juu ya kitu kisichoshika, na unaweza kubaki hivyo kwa wiki nyingi. Uzito ukizidi, jua likipiga, au mtu akipita mahali pabaya, tabaka la juu linakatika kama bamba na kuteremka lote kwa pamoja.

Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Hapo ndipo watu wa matembezi hujidanganya, wakisema, "Sisi hatupandi miteremko. Hayo ni ya watu wa ski, wanaoteleza na mbao ndefu miguuni. Sisi tunatembea bondeni, tambarare." Theluji ikishaachia haisimami pale mteremko unapoisha. Inavuka tambarare, inajaa kwenye makorongo, na wakati mwingine inapanda kidogo upande wa pili. Anayetembea chini hana kosa lolote alilolitenda juu, lakini yuko kwenye njia yake.

Mfano unaofundishwa Kanada nzima ni wa tarehe 1 Februari 2003. Kundi la wanafunzi wa sekondari na walimu wao, kutoka shule iliyo kusini ya Calgary, lilikuwa likipita na ski katika bonde la Connaught Creek karibu na Rogers Pass, mkoa wa British Columbia. Walikuwa watu 17. Walikuwa chini, bondeni. Poromoko lilijiachia lenyewe kutoka Mlima Cheops juu yao, bila mtu kuligusa, likawafunika. Wanafunzi 7 walifariki. Kila ninapofundisha waongozaji wapya wa kundi letu ninawasimulia habari hii kwa utulivu na kwa ukamilifu, kwa sababu wale watoto hawakuwa wakifanya ubishi wa kupanda kilele. Walikuwa wanapita njia inayopitwa na wengi.

Baada ya msiba ule, Parks Canada, taasisi inayosimamia hifadhi za taifa, ilitengeneza mfumo wa kupanga njia kwa kuangalia jinsi zilivyo wazi kwa maporomoko. Madaraja yake makuu ni matatu: rahisi, yenye changamoto, na tata. Daraja hilo halibadiliki na hali ya hewa, kwa kuwa linaeleza ardhi yenyewe: miteremko iliyo juu, mabonde yanayokusanya theluji, kama kuna msitu mnene au la. Kinachobadilika kila siku ni kiwango cha hatari, ambacho hutolewa kwenye tovuti ya Avalanche Canada kwa ngazi 5. Ngazi ya 1 ni ya chini, ya 5 ni ya kupindukia. Watu huiona 3 wakadhani ni katikati, yaani si mbaya. Maana yake halisi ni kwamba maporomoko ya kujiachia yenyewe yanawezekana, na ya kusababishwa na binadamu yana uwezekano mkubwa. Mimi husoma vyote viwili, daraja la njia na ngazi ya siku, jioni kabla ya safari na tena asubuhi kabla ya kuwasha gari. Taarifa ikiwa mbaya tunabadilisha njia tukiwa bado sebuleni, wala hatusubiri kufika kwenye maegesho watu 20 wameshuka na mabegi yao, watoto wameshavaa. Pale kila mtu anataka kwenda, na kukataa kunakuwa kugumu.

Ukiwa njiani pia mlima unajieleza ukijua kuusoma. Tafuta mstari uliokatika msituni: juu hadi chini hakuna miti mikubwa, kuna vichaka tu na miti michanga iliyolala kuelekea bondeni, matawi yake ya upande wa juu yamevunjika. Hapo theluji hupita mara kwa mara. Ukiukuta mstari wa namna hiyo unavuka njia yako, usisimame hapo kunywa chai wala kupiga picha ya kundi. Lake Louise ni mahali pazuri pa kujifunzia. Njia ya ufukweni ni tambarare, mtoto wa miaka mitano anaitembea, na watu hujaa wikendi. Lakini kadiri unavyokaribia mwisho wa ziwa, miteremko mikubwa inakusogelea, na kuna vibao vya onyo. Sisi tunageuza kabla ya hapo. Njia inayoendelea mbele kwenda Plain of Six Glaciers, ambayo majira ya joto hupandwa na kila mtu, wakati wa baridi ni eneo la maporomoko hasa. Njia ni ileile, lakini Julai na Januari ni mahali pawili tofauti.

Wapo wanaoniuliza kwa nini tusibebe vifaa vya uokoaji, yaani kile kifaa cha mawimbi kinachofungwa kifuani, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na koleo, halafu twende popote. Vifaa hivyo vina kazi yake, na anayeingia eneo la maporomoko bila hivyo anacheza na roho za wenzake. Lakini aliyefukiwa ana kama dakika 10 tu ambazo nafasi yake ya kuishi ni kubwa, kisha inashuka haraka sana. Katika dakika hizo wa kumtafuta ni ninyi mliobaki, si helikopta. Kundi la familia, lenye bibi na mtoto wa darasa la tatu, haliwezi kubebeshwa kazi hiyo. Kwa hiyo kundi letu linabaki kwenye njia ambazo vifaa hivyo havihitajiki. Wanaotaka kwenda mbali zaidi ninawashauri wasome kozi na waajiri mwongozaji aliyesajiliwa.

Sasa viatu. Watu wengi hukodi viatu vya theluji, vile vipana vinavyofungwa juu ya buti, halafu wakifika wanakuta hawavihitaji. Kazi ya kiatu kile ni kutandaza uzito wako usizame kwenye theluji mpya na laini. Sasa, sehemu ya chini ya Bow Valley haina theluji nyingi, na upepo wa joto uitwao Chinook unaweza kupandisha joto zaidi ya nyuzi 10 kwa saa chache, ukayeyusha kilichokuwepo, kisha usiku kikaganda kuwa barafu. Njia zenye wapitaji wengi hushindiliwa hadi zikawa ngumu kama lami. Hapo unahitaji meno ya chuma, ile mikanda ya mpira yenye minyororo na misumari midogo inayovutwa juu ya buti. Johnston Canyon, ambako maporomoko ya maji ya chini yako kilomita 1.2 tu kutoka maegesho, ni ya meno ya chuma. Grotto Canyon, mashariki ya Canmore, vilevile: unatembea juu ya kijito kilichoganda katikati ya kuta za mawe, na ukiangalia vizuri kuna michoro ya kale ya rangi nyekundu iliyofifia ukutani. Waonyesheni watoto, lakini wasiiguse. Viatu vipana tunavitoa tukienda Kananaskis, eneo la milima kusini ya Canmore, kwa mfano Chester Lake, ambako theluji ni nyingi na wenye viatu vya theluji wana njia yao mbali na ya ski. Huko napo ni taarifa ya siku husika inayoamua, na simu haishiki mtandao, kwa hiyo nabeba kifaa cha setilaiti.

Nikiwa kwenye viatu: mahali penye mistari miwili iliyochongwa kwenye theluji kama reli, msikanyage. Ni njia ya ski, imetengenezwa kwa mashine usiku, na alama za buti zikiganda zinaweza kumwangusha mtu. Canmore Nordic Centre, iliyojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1988, ina njia nyingi za aina hiyo.

Baridi tunaipiga vita kwa kuzuia jasho. Mgeni wa Kanada huvaa kila alicho nacho, anaanza kutembea, na baada ya robo saa utaona mvuke unamtoka shingoni. Tukisimama kula, jasho lile linageuka baridi mwilini. Ndiyo maana ninasimamisha kundi zima mapema, kabla yeyote hajalalamika, na kuwaambia kila mmoja avue tabaka moja. Akina mama huniambia, "Kaka, mbona bado nasikia baridi?" Nawajibu, "Dada, ukianza ukiwa na baridi kidogo umeanza vizuri." Nguo ya ndani iwe ya sufu au ya nailoni, isiwe pamba, na jinzi ibaki nyumbani. Khanga na vitenge vinakaa begini kama shuka la kukalia. Buti iache nafasi ya vidole kuchezacheza, maana soksi mbili ndani ya buti inayobana huzuia damu na kuleta baridi zaidi. Chupa ya maji igeuzwe kichwa chini begini, kwa sababu barafu huanzia juu, na ukiisimamisha utakuta mdomo wake bado uko wazi. Baridi ikichanganyika na upepo hadi ikafika −28, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Tunaangaliana mashavu na pua, wawili wawili. Kidoa cheupe kilichokufa ganzi ni cha kushughulikiwa papo hapo, kwa kiganja chenye joto, bila kusugua.

Mwendo ni wa aliye nyuma kabisa. Nyuma yake yupo mwongozaji wa pili, na huyo hapiti mtu hata kwa dakika moja. Kwenye kila njia panda wa mbele husubiri hadi wote wafike na wahesabiwe, kisha wa mwisho apumzike naye, siyo kwamba akifika tu wengine wanaondoka. Saa ya kugeuza ninaitangaza maegeshoni. Mwishoni mwa Desemba jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, na bondeni linajificha nyuma ya mlima mapema zaidi, kwa hiyo saa nane tunageuza popote tulipo. Chai ya tangawizi na maandazi vinaliwa njiani, visingoje kilele.

Vibali visisahaulike: Banff unalipia Parks Canada, na gari likiegeshwa Kananaskis au kwenye njia za mkoa karibu na Canmore, tangu 2021 linahitaji kibali chake. Kimoja hakifuti kingine.

Mwisho, walimu wa madrasa na viongozi wa vijana makanisani wanaonipigia simu wakitaka kuleta watoto bila wazazi wao. Parks Canada ina masharti maalumu kwa makundi ya namna hiyo wakati wa theluji. Njia za daraja la rahisi zinaruhusiwa, zenye changamoto ni hadi muwe na mwongozaji wa kitaalamu aliyesajiliwa, na zilizo tata haziruhusiwi kabisa. Soma masharti hayo kabla ya kukodi basi na kabla ya kuwatangazia watoto jina la mahali. Ukiwa na njia kichwani, nitumie jina lake na tarehe, tuifungue ramani pamoja tuone daraja lake na miteremko iliyo juu yake. Ikionekana haifai, za daraja la rahisi ziko nyingi, na nitakuja nanyi.