Hofu na imani: dhana potofu tunazozisikia Bagamoyo

Dhana: Mwenye imani ya kweli haogopi.

Kule Gethsemane Yesu mwenyewe "akaanza kufadhaika sana na kuhangaika" (Marko 14:33), akaomba mara tatu kwa maneno yaleyale. Paulo naye aliwakumbusha Wakorintho kwamba alifika kwao akiwa na hofu na kutetemeka. Basi mama anayehangaika ufukweni kwa kuwa mashua ya mumewe haijarudi, na upepo wa kusi umechachamaa, hana dhambi ya kutubu hapo. Tazama mpangilio wa Zaburi 56: aya ya 3 inaanza na "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe", na "sitaogopa" inakuja katika aya ya 4. Wengi tunalazimishana kuanzia aya ya 4, halafu aliyeshindwa anabaki na hofu pamoja na aibu.

Dhana: Neno "usiogope" limo katika Biblia mara 365, moja kwa kila siku.

Halifiki idadi hiyo. Hesabu hutofautiana kwa tafsiri, lakini ni pungufu kwa mbali. Ahadi haihitaji kuongezewa chumvi.

Dhana: Ukimtegemea Mungu, kuchukua tahadhari ni kuwa na shaka.

Hii ndiyo inayoua watu, kwa hiyo tuikalie kidogo. Soma Matendo 27. Merikebu ina watu 276, na tufani imewapiga hadi usiku wa 14. Malaika amekwisha kumwambia Paulo, "Usiogope", na kwamba wote watapona. Hata hivyo mabaharia wanapima kina, wanapata pima 20 (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), kisha 15, wanatupa nanga nne za tezi, yaani nyuma ya chombo. Mabaharia walipotaka kutoroka na mashua, Paulo alionya kwamba wasipobaki chomboni wengine hawataokoka. Kulipokaribia kucha akawasihi wale chakula, kisha ngano ikatupwa baharini chombo kiwe chepesi. Waliojua kuogelea walitangulia, wengine wakafuata juu ya mbao. Wote 276 walifika nchi kavu. Ahadi ya Mungu na kazi ya mikono vilikwenda pamoja usiku ule.

Kwa mvuvi wa hapa maana yake ni hii: kabla ya kusukuma ngalawa, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kila aliyemo avae jaketi la kuokolea, si kulikalia. Simu iwe na chaji, ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mtu wa nyumbani ajue saa ya kurudi. Kisha ombeni. Anayeyaacha hayo makusudi kwa kutaja Zaburi ya 91 akumbuke kwamba Ibilisi alimnukulia Yesu Zaburi hiyohiyo akitaka ajitupe chini, akajibiwa, "Usimjaribu Bwana Mungu wako."

Dhana: Ukiamini, unachokiogopa hakitakupata.

Wale vijana watatu waliotishiwa na mfalme kutupwa katika tanuru ya moto walisema Mungu aweza kuwaokoa, wakaongeza, "Bali kama si hivyo", hawataiabudu sanamu (Danieli 3:18). Misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa na Wamisionari wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, ilipigwa na kimbunga mwaka 1872, majengo yakaharibika. Wakajenga upya.

Dhana: Moyo kwenda mbio na jasho la ghafla ni pepo, kumeza dawa ni kukosa imani.

Nabii Eliya alipomkimbia malkia Yezebeli, aliyetaka kumwua, akaomba afe. Malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalingoja hadi mlima Horebu. Mwili unaposhikwa na hofu kali, dalili mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka. Keti, vuta pumzi polepole, itoe kwa muda mrefu zaidi kuliko ulivyoivuta. Ikiwa ni mara ya kwanza, au kifua kinauma, nenda hospitali usisubiri.

Katika maombi, fuata Wafilipi 4:6: itaje hofu kwa jina ("naogopa majibu ya kipimo cha Jumatatu"), omba jambo moja mahususi, shukuru kwa kitu halisi cha siku hiyo. Wengi hukosea kwa kuisimulia hofu upya nusu saa nzima wakidhani wanaomba, wakainuka wameogopa zaidi. Ukimaliza, fanya kazi ndogo iliyo mbele yako. Na kama hofu inakunyima usingizi au kazi kwa wiki mbili, mwone daktari, ukisindikizwa na padri, mchungaji au mtu wa jumuiya yenu.