Kumtuliza mgonjwa si kumnyamazisha

"Tumeshamtuliza." Nimelisikia tena juzi, wodini, likisemwa juu ya mzee aliyefungwa mikono kitandani, walinzi wawili wakiwa pembeni yake. Mzee hakuwa ametulia. Alinyamaza kwa kuwa nguvu za kupambana zilimwishia.

Kutuliza, katika kazi ya afya, ni kumsaidia mtu aliyepandwa na hasira, awe mgonjwa au ndugu aliyekuja kumwona, zimshuke mpaka aweze kusikia na kuamua mwenyewe. Hufanywa kwa maneno machache, sauti ya chini, na kusimama mbali naye kiasi cha urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, mlango ukiwa wazi kwenu nyote. Anazungumza naye mtu mmoja, si watano kwa mpigo.

Sasa lisikilizeni neno lenyewe. Shina lake ni tulia, na humo mna utulivu na tulivu. Bahari hutulia, upepo hutulia, moyo hutulia. Ukisema tuliza umemwongeza anayesaidia, lakini anayetulia ni yule yule, na kutulia kwake kunatoka ndani. Ndiyo maana tunaambiana "tuliza moyo", wala hakuna anayesema "nyamazisha moyo". Kunyamaza ni habari ya mdomo. Mtu anaweza kunyamaza huku anachemka, na muuguzi wa zamu inayofuata ndiye atakayemwagikiwa.

Kudhibiti nako ni jambo la tatu. Neno limetoka Kiarabu, kwenye shina lililotupa pia madhubuti, na ndani yake mna kushika na kukaza. Sikatai kwamba lina mahali pake. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hupigwa au kushambuliwa kimwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi. Hao ni wenzetu. Mtu akishika kisu, ondoka, ita msaada, adhibitiwe. Ila kumshika, kumfunga na kumchoma sindano ya usingizi ni hatua zenye masharti yake: sababu iandikwe, pumzi iangaliwe mara kwa mara, asilazwe kifudifudi huku amekandamizwa, afunguliwe mapema iwezekanavyo. Ukiziita "kumtuliza", masharti hayo yote yanafichika nyuma ya neno la upole.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ukali wenyewe mara nyingi ni dalili. Yule anayeitwa mkorofi huenda sukari yake imeshuka, au oksijeni haimtoshi, au kichwa kimeumia. Mzee mwenye maambukizi anaweza kuchanganyikiwa ghafla na kumpiga binti yake mwenyewe. Ukimnyamazisha umeinyamazisha na dalili. Ukimtuliza, unapata nafasi ya kumpima. Na ndugu anayegonga meza ya mapokezi pengine amekaa saa nne bila kuambiwa lolote juu ya mama yake. Huyo hutulizwa na habari.

Kwa hiyo, wenzangu, kama mmemfunga, andikeni kwenye ripoti ya zamu kwamba mmemfunga, saa ngapi na kwa nini. "Tumemtuliza" tuliweke kwa ajili ya yule aliyekaa, akashusha pumzi, akatuambia kinachomuuma.