Tiba ya umeme: uzushi ulioko wodini kabla haujafika mtaani

Watu wakiongelea uzushi kuhusu tiba ya umeme, yani ECT, ile ya kupitisha umeme kichwani ili ubongo upate degedege fupi kutibu ugonjwa mkali wa akili, wanafikiria jamii na familia za wagonjwa ndo za kuelimishwa, wahudumu wa afya ya akili wanahesabiwa wanajua tayari. Hiyo ndo dhana potofu ya kwanza na kwangu ndo mbaya kuliko zote. Nesi anaweza kufanya kazi wodi ya akili miaka na miaka bila kuingia chumba cha ECT hata siku moja, anachojua ni cha kwenye filamu na alichosikia kwa wenzake, halafu usiku kabla ya tiba mgonjwa anamuuliza yeye, sio profesa, "hivi itaniuma?" Akisita tu, mgonjwa ameshapata jibu lake.

Haya, tuanze na ile kubwa: "mgonjwa anashikwa kwa nguvu anapigwa shoti akiwa macho." Zamani ilikuwa hivo kweli, tusifiche. Tiba ilianza Roma mwaka 1938 kwa Ugo Cerletti na Lucio Bini, hapakuwa na usingizi wala dawa ya kulegeza misuli na watu walivunjika mifupa, hadi ya uti wa mgongo. Leo mgonjwa anakuja hajala, anawekewa kanula (kibomba cha kupitishia dawa kwenye mshipa), anapewa dawa ya usingizi, akishalala ndo inafuata ya kulegeza misuli, anapewa oksijeni, na umeme wenyewe unapita sekunde chache tu tena kwa mapigo mafupi mafupi, kila pigo halifiki hata milisekunde 2. Degedege inayotokea mara nyingi inaisha ndani ya dakika 1. Shirika la Afya Duniani linapinga kabisa ECT ya bila usingizi, na India imeipiga marufuku kwa sheria yake ya afya ya akili ya 2017, kwaiyo sehemu yoyote inayoendelea kufanya hivo isijitetee kwamba ndo utaratibu.

Kuna kitu kidogo ambacho natamani kila mkufunzi akionyeshe kwa vitendo badala ya slaidi, nao ni ule mkanda wa kupimia presha. Kabla dawa ya misuli haijaingia, mkanda unafungwa juu ya kifundo cha mguu mmoja unajazwa upepo mpaka damu isipite, dawa haifiki kwenye ule mguu, basi umeme ukishapita mwili wote umetulia isipokuwa vidole na unyayo wa mguu mmoja unaotikisika, na timu inahesabu sekunde kwa kuangalia huo mguu pamoja na mistari ya mawimbi ya ubongo kwenye mashine. Muhudumu aliyeona hicho kitu kwa macho yake huhitaji kumshawishi tena kwamba degedege iko kwenye ubongo na mwili umekingwa.

Hapo hapo kuna kosa la wataalamu wenyewe: misuli si imelegezwa, basi kizuizi cha meno, kile kinachowekwa mdomoni ang'ate, ni cha kutimiza wajibu tu. Hapana. Umeme unapita jirani kabisa na misuli ya taya na unaisisimua moja kwa moja, dawa haizuii hilo, meno yanabana kwa nguvu ya ajabu. Kizuizi kikikaa upande, jino linaondoka au ulimi unaumia. Ndo maana kukagua meno yaliyolegea na kuvua meno ya bandia ni kazi ya kufundishwa kwa uzito uleule wa kutumia mashine.

"Inamwachia mtu kifafa." Haimwachii, na ni kinyume chake, kadri vipindi vya tiba vinavoendelea ubongo unazidi kuwa mgumu kupata degedege, mara nyingi daktari inabidi aongeze dozi ya umeme. "Inaua." Vifo ni kama 2 kwa kila matibabu 100,000, hatari yenyewe inakaribiana na ile ya kulazwa usingizi kwa upasuaji mdogo.

"Ni ya kutumia mambo yote yakishashindikana." Hii inagharimu maisha. Mtu mwenye katatonia, yani aliyeganda hasemi wala hajongei, ambayo dawa ya lorazepamu haijaigusa, au mwenye sonona kali aliyeacha kula na kunywa, au anayetaka kujiua kila ukigeuka, ukimwambia asubiri ajaribu dawa ya tatu kwa wiki 6 unamchezea. Ila haraka haifuti ridhaa. Ni kweli kuna hospitali huko nyuma zilitumia ECT kunyamazisha wagonjwa wasumbufu, na hofu ya watu imetoka hapo, kwaiyo muhudumu afundishwe kwamba sahihi ya siku ya kwanza sio mkataba, mgonjwa mwenye uwezo wa kuamua anaweza kusema basi hata baada ya kipindi cha tatu, na hatishwi.

Sasa nije kwenye ile inayoniuma zaidi, manake inasemwa kwa nia njema. "Usijali, kumbukumbu zitarudi zote." Hapana jamani, tusiwaambie watu hivo. Kuchanganyikiwa baada ya kuamka kunapita, ugumu wa kushika mambo mapya kwa wengi unaisha ndani ya wiki kadhaa, lakini kumbukumbu za maisha yenyewe, hasa za wiki na miezi ya kabla ya tiba, nyingine hazirudi. Mapitio yaliyotoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2003 yalikuta kati ya asilimia 29 na 55 ya wagonjwa, kutegemea na utafiti, wanasema wamepoteza kumbukumbu kwa kudumu. Mtu anaweza kusahau harusi ya mdogo wake, akakuta picha yuko pale anacheka. Ukishamwambia zote zitarudi halafu hazikurudi, na bado ukamwambia ni ugonjwa unamsumbua, umempoteza. Kufundisha hapa ni vitu vya kushika: elektrodi (vile vipande vya kupitishia umeme kichwani) zikiwekwa upande wa kulia tu zinagusa kumbukumbu kidogo kuliko za pande zote mbili, kumbukumbu ipimwe kabla ya kuanza na katikati ya tiba, mgonjwa akiamka aulizwe jina, yuko wapi, leo siku gani, na dakika alizotumia kurudiwa na fahamu ziandikwe. Zikizidi kurefuka kila kipindi, daktari aambiwe siku hiyohiyo.

Na wa wodini wasidhani hayawahusu. Diazepamu, dawa ya kutuliza, inayotolewa usiku "alale vizuri kesho ana tiba" inazuia degedege, kipindi kinaharibika asubuhi na hakuna anayejua kwa nini.

Mwisho "akimaliza vipindi vyake amepona." Utafiti wa Marekani wa 2001 ulifuata watu waliopata nafuu kwa ECT, waliopewa kidonge kisicho na dawa asilimia 84 walirudia kuugua ndani ya miezi 6, waliopewa notriptilini (dawa ya sonona) pamoja na lithiamu (dawa ya kutuliza mihemko) ni asilimia 39. Kwaiyo kabla mtu hajaruhusiwa kwenda nyumbani faili lake liwe na dawa ya kuendelea nayo, au ratiba ya ECT ya kuendeleza inayopungua taratibu, kila wiki, halafu kila wiki mbili, halafu kila mwezi, na jina la muhudumu wa kliniki atakayempigia simu asipotokea.